Likizo ya Mwalimu na Dumu la Asali

Juzi, kwenye dirisha la tiketi la stesheni ya Tabora, mbele yangu walisimama mwalimu mmoja wa mtaa wetu wa Ng'ambo na mkewe. Mwalimu alimweleza karani kwa raha kwamba wataona tembo Mikumi, watatembelea maduka Dar es Salaam, kisha watamalizia kwa kuogelea baharini.

"Dar mtafikia kwa nani?" akauliza karani.

Mwalimu akashusha sauti. "Hotelini."

Foleni nzima ikamgeukia. Bibi mmoja aliyebeba dumu la asali akamshika mwalimu mkono, kama tunavyowashika wafiwa. "Pole, mwanangu. Kumbe huna ndugu?"

"Ninao, bibi," akajitetea. "Shangazi yangu yuko Ilala."

Mkewe akafumba macho.

"Na mwanangu yuko Ilala," akasema bibi, akimkabidhi dumu. "Mpelekeeni asali hii. Yeye mwenyewe atawafikisha kwa shangazi yako."

Kuishi kindugu tunahimizwa kila siku, na mwalimu yule hapingi. Alitaka likizo tu. Akainama tena dirishani, dumu mkononi.

"Ndugu karani, Kigoma nako si kuna ufukwe?"

"Upo," akajibu bibi nyuma yake. "Karibu kabisa na kwa mdogo wangu."