Aliyeshika Nyaya Ziwani Hamukungu

Tulikuwa mimi; mjukuu wangu Biira, binti wa mwanangu Thembo; Baluku mwenye mtumbwi, mtoto wa marehemu dada yangu; na Hajji Musa wa Bwera, mnunuzi wa samaki. Na mwanamke mmoja. Ni kweli tupu, niliona kwa macho yangu, ingawa mpaka leo sijui niliona nini.

Biira alikuwa anamaliza masomo Kasese. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ndani ya laptopu, na isipotumwa siku ile kabla ya jioni, angerudia mwaka mzima. Umeme kijijini kwetu Hamukungu, kando ya ziwa, ulikuwa umekatika, mtandao nao haushiki. Baluku akasema, "Twende katikati ya ziwa, huko mtandao iko. Umeme nitakupa ya betri ya taa zangu za kuvulia." Hajji akachomoa inverta ya gari lake, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, akaja nayo.

Mvua ilikuwa imekatika tu, ukungu umelala juu ya maji. Tulipopanda mtumbwi, mbele aliketi mwanamke mtu mzima, kitenge kimelowa. Nilidhani ni mgeni wa Hajji. Nikamsalimu, nikamuuliza jina.

"Masika, mama."

Basi. Kwetu Wakonzo binti wa kwanza ni Masika, nyumba kwa nyumba, na kila aliye mdogo kwangu ananiita mama. Wewe ungeshangaa?

Tulipofika katikati, inverta ikalia, ikazima.

"Betri imekufa," Baluku akasema.

"Si ulisema inawasha taa mpaka asubuhi?"

"Taa, Hajji. Hii yako inakunywa kama ng'ombe."

Biira akasema polepole, "Bibi, laptopu inazima."

Baluku akachomoa nyaya za inverta kwenye betri, akageukia injini yake. Yule mwanamke akaziokota, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Niamini, inverta ikawaka. Biira hakuinua kichwa. Akabonyeza, akangoja. "Imeenda."

Kurudi mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mbele hakuna mtu. Nikamuuliza Hajji mgeni wake ameshukia wapi.

"Mgeni gani, mama? Si alikuja na Baluku?"

Baluku akasema aliona mtu, lakini mwanaume. Biira hakuona yeyote. Nyaya zililala chini, hazijafungwa popote.

Binti yangu wa kwanza, Masika, alichukuliwa na ziwa hilo akichota maji, kabla Thembo hajazaliwa. Hakupatikana. Leo angekuwa mtu mzima.

Biira alifaulu, na laptopu ile hataki kuiuza. Mimi sipandi tena mtumbwi kabla ya kuuliza kila mtu jina lake na la mzazi wake. Wananicheka, wacheke. Nawe mtu akikuambia ni Masika, usitosheke. Muulize, Masika wa nani? Mimi sikuuliza, naye akashuka.

Kama nimekosea jina la yeyote, nisahihisheni. Sasa Hajji amegeuka, anasema tulikuwa wanne, Baluku anasema watano. Aliyekuwa mwaloni siku ile, akatuona tukipanda, aniambie.