Gauni la Mama Lenye Mifuko

Swali lililoninyima usingizi kwa zaidi ya mwezi ni dogo kiasi kwamba naona aibu kuliandika: je, nilimeza, au nililowesha midomo tu? Nilikuwa nikilala chali katika chumba changu cha kupanga, Kahororo, nikijaribu kulikumbuka koo langu. Mrija nilikuwa nao mdomoni, hilo nina uhakika. Uchachu wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, niliusikia kwenye ncha ya ulimi. Baada ya hapo kumbukumbu inakatika, kana kwamba koo lenyewe limegoma kutoa ushahidi. Kama sikumeza, basi sikukubali jambo lolote. Kama nilimeza, basi ni mimi, mtoto wake pekee, niliyemvua mama yangu nguo zake na kumtoa katika nyumba yake.

Nianze na nguo, maana ndizo zilizoanzisha yote.

Baba alikuwa akimnunulia mama vitenge viwili kila Krismasi, na vyote vilikuwa vya kahawia. Alisema rangi hiyo haionyeshi uchafu wa shamba. Mama alivivaa maisha yake yote ya ndoa, nyumbani kwetu Ijumbi, akiwa kwenye migomba, kanisani, misibani. Katika picha za familia anaonekana kama sehemu ya ukuta wa udongo nyuma yake. Chuoni niliandika utafiti mrefu kuhusu wanawake na kilimo, nikazunguka vijiji vya watu na dodoso mkononi. Mama yangu sikuwahi kumuuliza hata anapenda rangi gani.

Baba alipofariki, mama alivaa nguo za giza mwaka mzima. Ilipopita misa ya kumbukumbu, alizikunja, akaziweka juu ya kabati, akapanda gari kwenda Bukoba. Alirudi nywele zikiwa zimekatwa fupi kabisa, mvi zote nje, bila kilemba. Wiki mbili baadaye alikuja na gauni la kijani kibichi, lenye vifungo vyekundu na mifuko miwili mikubwa kiunoni. Alikuwa na miaka hamsini.

"Mifuko ya nini, mama?" nilimuuliza.

"Ya kuwekea mikono," akajibu. "Na simu. Na funguo za nyumba yangu. Miaka yote hii nabeba vitu kwenye pindo la kitenge kama mwizi."

Gauni lile lilishonwa na fundi mmoja wa mjini, mwanamke wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Mume wake alimwacha na watoto wanne, halafu kibanda chake kikaungua pamoja na nguo za wateja. Alianza upya na cherehani ya kuazima. Hajawahi kutoka nje bila wanja machoni na mtandio wa rangi inayokwenda na viatu. Mama alimpenda kwa sababu hiyo. Mwingine aliyempenda ni mama mmoja wa Buganguzi anayekusanya ndizi za kupakia kwenye malori. Yule ana zaidi ya miaka sitini, amezika watoto wawili, na anasimamia wapakiaji akiwa amevaa suruali, mabuti ya mvua na hereni ndefu za shaba zinazogonga mashavu anapofoka.

"Nawaangalia hao," mama aliniambia siku moja tukimenya ndizi. "Watu wanadhani aliyeteseka ni lazima aonekane amechakaa, ndipo waamini. Hao wamekataa. Na mimi nakataa."

Ningependa kuandika kwamba nilijivunia. Niliona haya. Jumapili aliyoingia kanisani na lile gauni nilikaa benchi la nyuma yake, nikahesabu vichwa vilivyogeuka. Tulipotoka, mzee mmoja akamwambia kwa sauti ya kila mtu asikie, "Waitu, mama, posa tulete lini?" Watu wakacheka. Mama akajibu, "Lete kwanza meno, mzee wangu," wakacheka zaidi. Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliwaza watasema nini jioni, watasema nini wiki ijayo, na je, ikiwa kweli kuna mwanamume, na je, ikiwa hakuna ila watu wameshaamini yupo. Huo ndio ugonjwa wangu. Ujumbe wa maneno matatu naufikiria nusu saa kabla ya kuutuma.

Sasa ni lazima nieleze kwa nini maoni yangu yalikuwa na uzito, ilhali mimi ni mhitimu asiye na ajira, ninayefundisha kwa kujitolea katika shule moja ya Kahororo. Kwetu baba akifa, mwanawe anakabidhiwa nafasi yake mbele ya ukoo. Anaitwa musika, yaani mrithi. Walinivika koti la baba, zito, lenye harufu ya kahawa na tumbaku, mikono ikinifika kwenye vidole, wakanikalisha kwenye kiti chake. Tangu siku ile baba mdogo, ambaye ni mdogo wake baba wa kuzaliwa, akawa ananiita "kaka". Kibanja chote, migomba na kahawa na nyumba iliyomo, kikawa chini ya neno langu. Mama alikilima tangu alipoolewa. Yeye hakuvikwa kitu.

Mwezi mmoja baada ya gauni, baba mdogo akaitisha kikao sebuleni kwetu. Walikuja wazee watano. Mama alikuwa jikoni akiwapikia, na jiko letu limetengana na sebule kwa ukuta usiofika juu.

"Kaka," baba mdogo alianza, "hatuna ugomvi na shemeji. Ni mama yetu pia. Lakini mjane anayejiremba anatafuta. Na anayetafuta atapata. Akipata, huyo bwana atakuja kulala hapa, kwenye kibanja cha marehemu. Tunasema hivi: arudie nguo za giza mwaka mmoja mwingine. Safari za Bukoba ziishe. Akishindwa, arudi kwao alikozaliwa, mlango uko wazi."

"Ni gauni tu," nilisema.

"Leo gauni."

"Lina mifuko," nilisema, na mpaka leo sijui nilifikiri hoja hiyo ingesaidia nini. Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko.

Walizungumza kwa saa mbili. Nilikuwa na hoja. Nilizipanga kichwani moja baada ya nyingine: sheria ya ardhi ya vijiji, haki za mjane, hata takwimu za utafiti wangu. Kila nilipotaka kufungua mdomo niliona udhaifu wa hoja yangu mwenyewe, nikaanza kuirekebisha, na wao wakawa wameshapita. Mwisho kibuyu cha rubisi kikazungushwa. Kila mzee alivuta mrija, akampa mwenzake. Kikaja kwangu, wa mwisho.

Mimi nilikuwa na wazo moja tu: kikao kiishe waondoke, kisha nitafakari vizuri, niwaandikie. Nikauweka mrija mdomoni.

"Basi," baba mdogo akasema, akapiga goti lake kwa kiganja. "Mrithi amekunywa. Neno limefungwa."

Nilijua. Hilo ndilo linalouma. Tangu utotoni nimeona vikao vikimalizwa hivyo, nikijua kwamba anayepinga anakipitisha kibuyu bila kugusa mrija, na mazungumzo yanaanza upya. Ningeweza kukipitisha. Mkono wangu ulikuwa na njia mbili, nami, mtu wa kufikiria kila jambo mara kumi, nilichagua bila kufikiri hata mara moja.

Mama aliwaletea chakula. Aliwapakulia wote, mmoja mmoja, akiwa na lile gauni. Walipoondoka alikaa mlangoni.

"Umekunywa?"

"Nilionja tu, mama."

"Baba yako naye alikuwa anaonja tu," akasema. "Kila walipokuja kunisema, alikuwa anaonja. Kisha ananijia na kitenge cha kahawia."

Nikaanza kumweleza kwamba nilikuwa na mpango wa kuwaandikia. Akanyanyua mkono. "Pumzika, bwana mkubwa. Umefanya kazi nyingi leo."

Asubuhi iliyofuata aliondoka na mfuko mmoja. Hakwenda kwao. Alikwenda Bukoba kwa yule fundi, akapewa kitanda katika chumba cha mabinti zake na kazi ya kushona vifungo na kupinda mapindo. Mimi nilirudi Kahororo. Tulikuwa mji mmoja, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki, na wiki tatu zikapita sijaenda.

Kisha jirani wa Ijumbi akanipigia simu. Baba mdogo alikuwa ameanza kuvuna kahawa ya mama. Alisema nyumba ya mjane aliyehama haina mwenyewe, na mrithi yuko mjini na vitabu vyake, hana habari. Ile kahawa mama aliipalilia peke yake mwaka mzima akiwa kwenye nguo za giza. Hapo ndipo lile swali la kumeza au kutomeza lilipoanza kuniamsha.

Nilikwenda kwa fundi siku ya Jumamosi. Kibanda chake kina meza mbili na kioo kirefu chenye ufa. Mama alikuwa kwenye meza ya nyuma, sindano mdomoni, na hakuitoa.

"Karibu, msomi," fundi akasema bila kusimamisha cherehani. "Ukae pale. Nikupe chai, au wewe ni wa kuonja tu?"

Binti aliyekuwa akipiga pasi aliangua kicheko. Nilistahili. Nilikaa nikasema nimekuja kumwomba mama msamaha, nikaanza kueleza hali ilivyokuwa ngumu siku ile, kwamba nilikuwa peke yangu mbele ya wazee watano, kwamba kiutaratibu kunywa kwangu huenda kulikuwa na kasoro kwa sababu sina uhakika kama...

"Mwanangu," fundi akanikatiza. "Kibanda changu kilipoungua, walikuja watu wengi kunieleza moto ulianzaje. Aliyenisaidia ni aliyekuja na cherehani."

Mama, ambaye habari za kahawa zilikuwa zimeshamfikia, alitoa sindano mdomoni. "Kwani baba yako mdogo anavuna mpaka wapi sasa?"

"Nusu ya juu amemaliza."

"Anakata matawi?"

"Jirani anasema anavunja."

Hapo tu ndipo uso wake ulipobadilika. Aligeukia ukuta kidogo, akarudi kwenye kifungo chake. Hakulia. Alisema, "Ile ya juu niliipanda nikiwa na mimba yako," akaendelea kushona. Hakuniambia nifanye nini. Nadhani alikuwa ameacha kutarajia.

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa na maelezo. Kama walisema kibanja kiko chini ya neno langu, basi nilikuwa na neno moja zaidi. Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Ijumbi, nikaingia ofisi ya kijiji. Nilimwambia mtendaji nataka kibanja kipimwe na kiombewe hati ya kimila kwa jina la mama yangu. Jina lake peke yake.

"Na wewe?" akauliza. "Wewe ndiye musika."

"Ndiyo maana nimekuja mimi."

Alinitazama kama anayetafuta dalili za homa. "Ukishaandika huwezi kurudi hapa kulia."

"Andika."

Ilichukua wiki kadhaa. Majirani wa mpakani walikuja kushuhudia, tukatembea kutoka mlamula mmoja hadi mwingine, miti tunayopanda kuonyesha shamba linapoishia. Baba mdogo alisimama upande wake akiangalia. Hakuniita kaka tena. "Umeutoa ukoo kwa mwanamke," alisema, "tena kwa sababu ya kitambaa." Wazee wawili kati ya wale watano hawanisalimii hadi leo. Na mimi sina ardhi. Nina cheti cha chuo na chumba cha kupanga. Siku nyingine naamka nikijiuliza kama nilikuwa na ujasiri au nilitaka tu kuacha kujiona mbaya. Sijapata jibu.

Mama alikuja siku ya kusaini. Alisoma karatasi yote mara mbili, neno kwa neno, mtendaji akisubiri. Akauliza nakala yake atapewa lini. Akasaini. Hakunishukuru. Tulipotoka nje alisimama kwenye kivuli cha paa la ofisi, akatazama bonde upande wa kwetu.

"Kahawa aliyovuna iko wapi?"

"Ameianika uani kwake."

"Nani atamwambia?"

Nilielewa kwamba angeweza kwenda mwenyewe, na kwamba angekwenda vizuri kuliko mimi. Pia nilielewa kwamba akienda yeye, hatanihitaji tena kwa jambo lolote. Nilimwambia anisubiri nyumbani. Nikashuka njia ya migombani mchana ule ule, bila kupanga maneno, nikamkuta baba mdogo ameinama na reki, akigeuza kahawa kwenye mkeka. Wazee wawili walikuwa wamekaa naye. Kibuyu kilikuwa katikati yao, na mmoja akakisogeza upande wangu kwa mazoea.

Nilikipitisha bila kugusa mrija.

"Baba mdogo," nikasema, "leta magunia. Nimekuja kuchukua kahawa ya mama."