Miaka Mitano ya Uhandisi wa Umeme, na Aliyeilipia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya saa moja asubuhi, viatu nimeving'arisha kama bwana harusi, na Shefu wa Kituo, mkuu wetu, hakuviangalia hata kidogo. Alinishika begani, akanisimamisha mbele ya transfoma, nje ya wavu, akasema, "Usiguse kitu. Sikiliza tu." Nikasikiliza. Mashine ile, kubwa kama kibanda cha duka, ilikuwa inanguruma taratibu na hakuna kitu kilichozunguka ndani yake. Upande mmoja zinaingia nyaya kutoka mabwawa ya milimani, zimebeba nguvu ya kumuua mtu kabla hajasema bismillahi; upande wa pili zinatoka nyaya za kwenda mjini, nguvu imeshapunguzwa. Hakuna gia, hakuna mkanda, hakuna moshi. Mimi ni mtoto wa gereji ya mtaa wa Buyenzi, nilidhani mashine ni kitu cha kupiga kelele na kumwaga oili. Nywele zilinisimama, na leo nimestaafu bado zinasimama nikipita karibu na kituo.

Nilikuwa na A2, yaani diploma ya shule ya ufundi. Kwa A2 unakuwa fundi: unasoma mita, unabadilisha fyuzi, unajaza daftari la kituo kila saa. Nilimuuliza Shefu jinsi ile nguvu inavyopungua bila kitu kugusana na kitu. Akanijibu, "Iyo ni ya ma-injeniya. We andika namba." Niliandika namba miaka miwili. Kila nilipoandika niliona haya, kama mtu anayekaa nyumba moja na mwenzake bila kumjua jina. Mwishoni nikamwambia baba kwamba nataka kuacha kazi, niende chuo kikuu miaka mitano.

Ninyi vijana mkiniuliza shahada iligharimu kiasi gani, mnasubiri nitaje karo. Karo haikuwa ndiyo bei. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wangu Jumaine, aliyekuwa mwaka wa tatu wa sekondari, na mgongo wa baba ulikuwa umeshaanza kumkatalia kuingia chini ya magari. Jumaine alinizidi kichwa. Sisemi hivi kwa adabu; katika hesabu alinizidi mbali, na mwalimu wake alikuja mpaka nyumbani kumwombea. Baba alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, Issa akiacha mushahara, mutu moja lazima aingie gereji." Jumaine akasema, "Kaka aende." Alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu siku ile sikujiuliza tena kama shahada itanilipa mshahara mzuri. Nilijiuliza kama itastahili kumtoa Jumaine shuleni.

Chuoni niliteseka, sitaki kuwadanganya. Mwaka wa kwanza nilikuwa kama mgeni anayecheka kila wengine wanapocheka. Lakini mwaka wa tatu mwalimu wetu wa mashine za umeme aliandika mistari minne ubaoni, akaweka chaki chini, na mle ndani ya mistari minne ikawemo ile ngurumo ya siku yangu ya kwanza. Umeme unaocheza kwenye koili moja unaamsha umeme kwenye koili ya jirani, bila kugusana, kwa sababu ya sumaku iliyo kati yao. Ukiwa na mizunguko mingi huku na michache kule, nguvu inashuka. Nilitoka darasani nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa naona dunia imepangwa na Mwenyezi Mungu kwa ustadi wa kutisha, na mimi nimeruhusiwa kuchungulia.

Nilikwenda moja kwa moja gereji kumweleza Jumaine. Alikuwa chini ya Peugeot, miguu tu inaonekana. Nikamweleza yote, mistari minne. Spana ikasimama, akauliza kutoka kule chini, "Na ukiingizia umeme kwa mulango ya kutokea, itapanda?" Nilimpelekea mwalimu swali hilo, naye alilijibu kwa kipindi kizima. Ndiyo, alisema, itapanda. Transfoma haijui mbele wala nyuma.

Nilipohitimu nilirudi kazini, idara ya usambazaji, mitaa ya kaskazini. Kiongozi wa kikosi cha nyaya alikuwa Shefu Melkiori, mtu mwenye miaka zaidi ya ishirini juu ya nguzo na mdomo mkali kuliko koleo. Alinipokea mbele ya vijana wake: "Njo, injeniya! Miaka tano mu mabuku! Mi mu iyo miaka tano nimejenga nyumba, nimeoa, niko na batoto batatu. We uko na nini?" Kikosi kikacheka na mimi nikacheka, lakini alisema kweli. Wenzangu wa A2 walikuwa na viwanja. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja. Mshahara wangu ulikuwa mkubwa kuliko wao, ila ilichukua miaka mingi kuwafikia. Jumaine wakati huo alikuwa na kovu la radieta mkononi na gereji nzima begani.

Sasa nawaeleza siku moja, kwa sababu ndiyo mshahara wangu hasa.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya mvua, nguzo imeanguka mtaa wa Mutakura na nyaya za nguvu kubwa zimekatika. Kazi kama ile ina utaratibu wake, tunauita consignation: unakata umeme, unafunga kufuli, unapima kwa fimbo maalumu kuhakikisha waya umekufa, kisha unafunga waya huo na ardhi. Umeme ukirudi kwa bahati mbaya, unamezwa na ardhi badala ya kumpitia mtu. Melkiori alikata, akafunga kufuli, akapima. Kimya. Akafunga nyaya za ardhi upande wa kituo, akawaambia vijana wapande. Hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote, kwani umeme unatoka kituoni.

Nikasema, "Shefu, tufunge na upande wa pili." Waya ulikuwa umekatika katikati, kwa hiyo ardhi ya upande wa kituo haikuulinda ule mkia uliobaki kuelekea mtaani.

"Upande wa pili?" Melkiori alishika kiuno. "Umeme itatoka wapi uko, injeniya? Uko kuko kabine moja tu, kinu ya unga na maduka. Na maduka leo imefungwa, batu beko musikitini."

Kabine ni kijumba cha transfoma ya mtaa. Niliikumbuka ile miguu chini ya Peugeot. Nikasema, "Transfoma inaweza kurudisha. Mutu akiwasha groupe yake, ile jenereta, bila kujitenga na laini, inapanda mpaka hapa." Melkiori alisonya, akatema mate, akawaambia vijana washuke wakafunge. Tulipoteza nusu saa, na hakuna aliyeniangalia usoni.

Vijana wanne walikuwa wameshika ule mkia, mikono mitupu, waliposikia sala imekwisha, watu wanaanza kurudi madukani. Kule kwenye kinu jenereta ikawaka. Iliunguruma, umeme wake ukapanda laini ukamezwa na ardhi, ikakwama kama mtu aliyekabwa koo, ikazima. Ikawashwa tena, ikakabwa tena. Mara ya tatu Melkiori aligeuza kichwa, akauangalia ule waya wa ardhi alioamuru ufungwe kwa hasira, akawaangalia vijana wake mmoja mmoja. Kisha akaanza kukimbia kuelekea kinuni.

Mwenye kinu hakuwa mtu mbaya. Umeme umekatika, wateja wana mahindi, naye jenereta yake ameichomeka tu kwenye soketi ya ukutani kama wengi walivyokuwa wakifanya. Melkiori alirudi kutoka kule mwendo wa pole. Alikaa chini kwenye tope, yeye mtu mzima. "Injeniya," akasema, "nani alikufundisha iyo?"

Nikamjibu, "Mudogo wangu. Iko na gereji Buyenzi."

Tangu siku ile kikosi kile hakikupanda nguzo bila kufunga pande zote mbili. Mimi nilipanda vyeo, nikaishia ofisini, mtaa wa Rohero, ambako Mkurugenzi wa Ufundi alinikaribisha kwa kusema, "Kuanzia leo utaona umeme kwa karatasi tu." Alikuwa sahihi. Nyumba yangu ya Mutanga Nord iliezekwa ndevu zikiwa zimeshaingia mvi. Nikipiga hesabu ya fedha, shahada ilinilipa, kwa kuchelewa. Nikipiga hesabu ya wale vijana wanne, ambao leo ni mababu, kalamu inanishinda.

Mwaka huu Jumaine alikuja kwangu na binti yake Zaina. Zaina amemaliza A2, kampuni ya sola inamtaka kazini mara moja, naye moyo wake uko chuo kikuu. "Baba mukubwa," akasema, "niambie kweli, si ya kunifurahisha. Miaka tano inafaa?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilipofika kwenye bei, niliweka kikombe chini. Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema: "Bei ya yangu alilipa baba yako. Muulize yeye."

Jumaine akacheka. "Ah, kaka! Ulikuwa unabeba iyo miaka yote? Mi shule ilinichosha. Baba aliponitoa, nilifurahi."

Zaina akacheka pia. Mimi nilimwangalia ndugu yangu. Nilimwona siku ile aliyotolewa, ameketi nyuma ya gereji, anafunga madaftari yake kwa magazeti, moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anayewavika watoto. Nikasema tu, "Sawa, Jumaine."

Alikunywa chai yake mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake. "Utaandikishwa," akasema. "Lakini kila siku ukitoka darasani, unapita gereji, unanieleza yote walikufundisha. Yote, Zaina. Usiruke kitu."