Kaptura ya Mheshimiwa

Kipupwe cha mwaka ule mbuzi watatu walizaa wakati ambao hakuna mbuzi wa nyumba ile aliyepaswa kuzaa. Mtoto wa kwanza alikutwa amekakamaa pembeni mwa banda, manyoya yamegandana. Wa pili aliishi siku mbili. Wa tatu alikuwa jikoni asubuhi hiyo, ndani ya karai karibu na jiko, na mjane alikuwa amepiga magoti akimbembeleza anyonye chupa.

Familia ile ilijulikana kwa mbuzi, na marehemu mume wake alikuwa na utaratibu usiovunjwa. Banda lilikuwa moja tu, kwa hiyo beberu, waliyemwita Mheshimiwa kwa sababu ya ndevu na kitambi chake, alivishwa kipande cha turubai chini ya tumbo, kikafungwa mgongoni kwa kamba, ili asiweze kumpanda jike yeyote. Nyumbani walikiita kaptura. Kilivuliwa mwezi mmoja tu kwa mwaka, ili majike wazae baridi imekwisha na majani yameota. Mwezi huo mabinti wa Mheshimiwa walipelekwa kwa beberu wa jirani, wasipandwe na baba yao. Watu walitoka mbali kutafuta mbegu ile.

Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Mjane alihesabu kurudi nyuma kwa vidole, akaangukia kwenye wiki ya msiba wa mumewe. Wiki hiyo aliyeshika banda ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Hakutafuta ushahidi mwingine. Kwa mwandiko wake mzuri wa miaka thelathini ya ualimu alimwandikia mkaguzi wa chama cha wafugaji kwamba huo ni uzembe wa mtu mmoja, kwamba mtu huyo ataondoka, na kwamba jina la familia lisifutwe kwenye orodha ya wenye mbegu bora. Kisha akamwita shemeji mzembe mbele ya watu. Shemeji alifunga begi lake.

Mkaguzi alitarajiwa saa nne. Saa tatu mtoto wa mbuzi akaanza kupoa, na mjane akakimbilia kabatini kutafuta kitu kizito cha kumfunika. Chini kabisa, chini ya nguo nyeusi za msiba, mkono wake uligusa turubai. Ilikuwa imefuliwa na kukunjwa pembe kwa pembe.

Alikaa kitandani. Asubuhi ya mazishi ikamrudia yote. Wageni wenye viatu vya kung'aa walikuwa wakipita kando ya banda, na mmoja wao akaziba pua kwa leso. Aibu ilimchoma. Alimvua Mheshimiwa kwa mikono yake mwenyewe, akaifua ile turubai, akaianika nyuma ya choo. Kisha akaitwa kwenda kuaga mwili. Aliianua lini? Hakukumbuka. Lakini mkunjo ule ulikuwa wake. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyekunja hata matambara.

Nje mkaguzi, mwanamke kijana, alikuwa ameshapiga hodi, kabla ya saa.

"Huyu ndiye mhalifu?" aliuliza, akimtazama beberu.

"Mhalifu ni mimi," shemeji alijibu, begi liko miguuni. "Huyo alipata nafasi tu akaitumia."

Mkaguzi akacheka. Mjane angeweza kubaki ndani hadi mambo yaishe. Alitoka, turubai mkononi.

"Ile barua yangu ichane, binti yangu. Turubai niliivua mwenyewe nikaifua, kwa ajili ya wageni."

Mkaguzi aliigeuza turubai. "Imetakata kweli," alisema, bila nia mbaya. Kisha akafungua daftari. "Lakini orodhani mtatoka, mama, misimu miwili. Wawili kati ya waliozaa ni mabinti wa beberu huyu. Siwezi kulifumbia macho, hata awe nani aliyekosea."

Alipoondoka, shemeji alisema taratibu, "Niliiona kwenye kamba, siku ya tatu baada ya mazishi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningeanzia wapi? Hata maji ulikuwa hunywi. Nikamfunga beberu gunia, nikadhani nimewahi." Alikuna kidevu. "Halafu uliponiita mzembe mbele ya watu, shemeji, nikaona kusema sasa ni kulipiza."

"Nisamehe. Rudisha begi ndani."

"Nimekusamehe. Ila kuna mfugaji wa kuku ananisubiri kazini, nimeshampa neno langu." Aliinama, akamvua Mheshimiwa gunia, akamvisha kaptura. "Tazama. Unazungusha mara mbili, unapitisha chini, unavuta. Ukifunga kama kamba ya kiatu atalifungua fundo kwa meno."

Alilifungua lile fundo, akamwachia ncha za kamba, akaondoka.

Kutoka jikoni mtoto wa mbuzi alilia mara moja, kwa sauti nyembamba. Mjane alizungusha mara mbili, akapitisha chini. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Fundo liliteleza, akaanza tena.