Silinda Iliyompasua Kaka Mdomo

Pikipiki ile mume wangu aliinunua kwa kaka yangu, mwenye gereji Ukunda ambako mimi nilikuwa nikiuza spea. Ubavuni iliandikwa 150, ukubwa wa injini kwa cc. Mume wangu, mtu wa Munje, alizihitaji nguvu hizo, maana kila asubuhi alikuwa akipakia makreti ya samaki kupeleka hoteli za Galu. Lakini kila penye mwinuko mashine ilikuwa ikikohoa na kuzima, na wenziwe wakimpita wakimcheka.

Siku pistoni ilipokwisha nilimpa mpya, ya 150, naye akaifungua mashine mwenyewe uani mwa gereji. Baada ya muda aliingia dukani na silinda mkononi. Hakutoa salamu. Aliikandamiza pistoni kwenye mdomo wa silinda mbele ya kaka, ikakataa kuingia.

Kaka alisema kosa ni langu, eti nimetoa pistoni ya pikipiki nyingine. Nilimwonyesha kasha la pistoni. Namba ilikuwa ileile ya ubavuni. Nikasema basi tupime, nikatoa kipimio kwenye droo. Kaka alinishika mkono akaukunja mpaka kipimio kikaanguka.

"Neno nililompa shemeji yangu hulipimi wewe," alisema.

Mume wangu akampiga mdomoni kwa ile silinda. Mapezi yake ya kupozea moto yalimpasua mdomo wa juu hadi chini ya pua, na meno yakatoka pamoja na damu. Kaka hakulia. Aliivuta cheni iliyotundikwa ukutani akaizungusha. Pigo la kwanza lilinipata mimi begani. La pili lilichana sikio la mume wangu, likabaki likining'inia kwa ngozi. Wakaangushana hadi uani kwenye oili chafu, kila mmoja akilitafuta koo la mwenzake, mpaka watu wa bodaboda walipokuja wakawatenganisha na kuwakalia.

Nilipima wakiwa wamekaliwa vivyo hivyo. Niliifuta damu ndani ya silinda kwa kanga yangu. Upana wa tundu, milimita hamsini na sita na nusu. Nikairudisha silinda juu ya pistoni kuukuu, nikaizungusha mashine kwa kiki polepole, nikapima pistoni inavyosafiri kutoka chini kabisa hadi juu kabisa: arubaini na tisa na nusu. Nusu ya upana mara yenyewe, mara pai, mara ile safari. Kisha ukigawa kwa elfu moja, milimita zinageuka kuwa cc. Nilipata mia moja ishirini na nne na kitu.

"Hii ni 125," nikawaambia. "Haijapata kuwa zaidi."

Kaka alisema kupitia kitambaa alichojizibia mdomo, "Kava la ubavuni lilivunjika, nikatia nililokuwa nalo, la 150. Yeye akaipenda kwa ile namba. Nikanyamaza."

Nilimpiga kofi palepale kwenye kidonda. Nilisikia mdomo wake ukifunguka chini ya kiganja changu, na sijajutia mpaka leo. Alikuwa radhi nivunjwe mkono kuliko kuisema sentensi fupi kama hiyo.

Wote wawili walishonwa hospitali moja, Msambweni, vitanda vyao vikitazamana, na mimi nikikaa katikati na bega lililovimba. Hakuna aliyeripoti polisi. Mama alilia akasema damu haigeuki maji, lakini sikio halikupona sawasawa, likajikunja kama jani lililoungua, na mimi sikurudi tena kuuza pale.

Sikukuu ya Idi iliyopita kaka alikuja Munje na sahani ya biriani. Mume wangu alimkaribisha kwa adabu, akamwachia kiti chake. Kisha akatoka uani akachukua shoka, akaanza kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Tulikula tukimsikia. Hakuacha mpaka kaka alipoondoka.