Vidukari Weusi wa Kunde Zangu

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hajui mdudu hata mmoja ila anawaogopa wote. Mwaka juzi hapa Zagayu vidukari weusi walijaa kwenye kunde zangu, nilizokuwa nimepanda kando ya pamba yake. Akaja mbio ananifokea, "Mayu," yaani mama, "ng'oa! Hawa watahamia kwangu."

Nimelima tangu utotoni. Kidukari ni mdudu wa kudharaulika, hana mbio wala meno, kazi yake kufyonza na kuzaa. Lakini kwenye chakula ana maringo kuliko bibi harusi. Huyu mweusi anataka kunde na mimea ya jamii ya kunde tu. Nilikata tawi lililojaa nikalifunga kwenye mche wa pamba yangu. Wakatangatanga juu ya majani; kesho yake wengine wamekufa, wengine hawapo. Kisha nikachukua wale wa kijani waliokuwa kwenye bamia za shemeji, nikawaweka kwenye mche uleule wa pamba. Hao wakatulia, wakaanza kuzaa kama wako kwao. Bamia na pamba ni ndugu, ukiangalia maua tu utajua.

Kwenye ukoo wetu ugomvi wa shamba huamuliwa na wazee wa kiume, mwanamke ni wa kupika. Nikawapikia kunde zilezile, nikawaeleza nilichokiona. Wakacheka, wakaramba vidole, wakaamua kunde zing'olewe. Bamia zibaki, shemeji anazipenda. Mume wangu akaitikia. Kaka ni kaka.

Kunde zile ndizo zingekuwa nsansa yetu, majani ya kuchemsha na kuanika, mboga ya wanangu kiangazi kizima. Niling'oa nikilia kwa hasira, sioni aibu kusema.

Mwezi haujaisha, pamba ya shemeji ikajikunja majani, inanata, imejaa vidukari wa kijani. Unadhani alijifunza? Akawaambia wazee ni walewale wa kwangu, wamejibadili rangi. Wazee wakakubali. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani. Basi mimi sina mashaka, huyu haerevuki leo wala kesho.

Kiangazi tulikula ugali kwa maji ya chumvi. Wanangu wakaacha hata kuuliza mboga iko wapi. Jioni moja tukiwa tunakula, mke wa shemeji akaja na bakuli tupu. Ametumwa: mumewe anaomba nsansa kidogo, dagaa wamemchosha.