Propela ya Kamba ya Nguo

Juzi nilifua nguo uani kwa haboba, pale mtaa wa Juba Na Bari, na nilipoinua mkono kuanika nikaishika ile nguzo ya chuma. Ndugu yangu, uso uliniwaka papo hapo, kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari. Nguzo yenyewe ni propela ya gari, lile bomba refu linalochukua nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Imesimikwa ardhini, na kamba imefungwa kwenye masikio yake. Mgeni akiiona atasifu akili ya aliyeiweka. Sisi wa nyumba ile huwa tunaanika haraka na kuondoka.

Haboba ndiyo bibi kwa Kiarabu cha Juba. Nilimfahamu nikiwa darasa la nne, tuliporudi kutoka Kitale nilikozaliwa. Alinifundisha kazi siku ile ile ya kwanza: kufagia ua kabla jua halijawa kali, kumkimbilia mwenye lori la maji, kumimina uji wa mtama kwenye bati la moto na kuutandaza mpaka uwe kisra, mkate mwembamba kama kitambaa. Mikate yangu ilitoboka. Yake ilitoka mizima, mmoja juu ya mwingine, na harufu yake ya uchachu bado naibeba puani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa ya kunicheka. Alisema sisi wa Kenya tunaongea kama tunaowahi basi.

Chini ya rakuba, kile kibanda cha nyasi cha kupumzikia, lilikaa gari la babu. Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, rangi ya maziwa, lenye taa za duara. Babu na jirani yetu walinunua magari ya aina moja enzi za amani, na mtaa mzima ukayaita mapacha. Kisha vita vile virefu vikaja. Jirani akakimbilia Uganda, akamwachia haboba ufunguo wa nyumba yake na gari likiwa ndani ya ua. Babu alifariki katika vita hivyo. Haboba alibaki na baba yangu mdogo, naye alikufa kabla sisi hatujarudi. Amani ilipopatikana jirani akarejea, akakuta gari lake halina giaboksi wala propela. Haboba akamwambia askari waliingia wakavifungua. Jirani akajibu, "Malesh," yaani basi, yamepita, na kila jioni akawa anakuja kwetu kunywa chai kama ndugu.

Gari letu nalo lilikuwa halitembei. Propela yake ilivunjika zamani, na vipande vikachukuliwa na wahunzi wakatengeneza majembe. Lakini uhuru ulikuwa mlangoni, na baba yangu alikuwa mtu wa kuahidi hadharani. Pale kanisani alisimama akatangaza kwamba mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa mwendo mrefu, atakwenda kuona bendera ikipanda akiwa ndani ya gari la mumewe. Watu wakapiga makofi. Haboba alitazama viatu vyake. Alitaka kuiona bendera ile kuliko kitu chochote. Usiku nilimsikia akimweleza babu, kana kwamba wamelala kitanda kimoja.

Baba aliifuata nguzo ya kamba ya nguo. Aliona propela imesimama uani, bomba lake limetobolewa na kutu lakini meno mazima, akaamini ni ya zamani ya gari lile, na nani angemlaumu? Akaipima kwa uzi. Kisha akafanya wanavyofanya mafundi wa huko wanaoagiza vyuma mbali: akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakisukuma ndani ya shingo ya propela mpaka sabuni ikashika alama za meno. Sabuni ile ilisafiri Kampala kwa basi ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Haboba alikuwa amekaa hatua chache tu, anachambua karkade, yale maua mekundu ya chai, na hakuinua kichwa.

Propela mpya ilifika siku moja kabla ya sherehe. Fundi alikuwa Mganda mwenye gereji yake mtaa wa Gurei, mcheshi, mpenda kupiga mluzi. Nyuma ilikubali vizuri, boliti zikaingia. Mbele ikagoma. Fundi akapaka grisi, akaizungusha kidogo, akajaribu tena. Akasugua meno kwa tupa. Akaweka ubao akagonga kwa nyundo taratibu. Mluzi ukakatika.

"Mzee, hii kitu imekataa kabisa," akamwambia baba. "Meno ya propela na meno ya giaboksi haiko moja."

"Haiwezekani! Nimetoa alama mwenyewe kwa sabuni. Wewe ndiye umeyaharibu na hiyo tupa yako."

"Mimi iko fundi, mzee. Siharibu kitu ya mtu."

Baba akapandisha sauti mpaka watu wakachungulia uzioni. Akamwita fundi mbabaishaji, akamwita mwizi wa kazi, na kumwambia akusanye spana zake aondoke. Mimi nilikuwa jikoni na haboba. Kisra iliungua mikononi mwake, kitu ambacho sikuwahi kukiona, wala hakuigeuza. Nilidhani ni moshi unaomtoa machozi.

Jirani, ambaye alishinda nasi tangu asubuhi akishika tochi na kutoa ushauri usioombwa, akasema ngoja aangalie yeye. Akalala chali juu ya gunia akaingia chini ya gari. Akakaa huko muda. Alipotoka alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, na hakumtazama yeyote.

"Fundi hana makosa," alisema. Uganda ilikuwa imemfundisha Kiswahili chake. "Giaboksi haiko ya hii gari. Iko yangu. Gari yangu ilitoka kiwandani nyuma ya hii, meno yake ingine. Hapa kwa sikio ilipasuka, mimi mwenyewe nilichomelea na shaba. Shaba bado iko."

Laiti angepiga kelele. Haboba alitoka jikoni na sinia la kisra, akaliweka mkekani, akabaki amesimama. Akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo, kwamba askari hawakuja. Ni baba mdogo aliyefungua giaboksi pamoja na propela yake, na aliyempa ufunguo wa lango ni yeye haboba. Gari letu lilikuwa limekufa gia, mtaa umezingirwa, mwanamke wa nyumba ya tatu anahangaika na uchungu wa kuzaa na hakuna wa kumfikisha hospitali. Mama na mtoto walipona. Baadaye gari likabeba maji, likabeba wagonjwa, likabeba maiti. Propela ya babu, ambayo sasa haikuwa na pa kukaa, wakaisimika uani iwe mti wa kamba.

Jirani aliuliza jambo moja tu. "Kwa nini haukuambia mimi? Mimi ningekupa hata magurudumu."

Haboba alilisogeza sinia upande wake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya haboba ilikuwa ndefu, na kila jioni aliitembea tena akimmiminia yule mtu chai. Baba alimwomba fundi radhi huku akitazama chini. Jirani akanawa, akakaa mkekani, akamega kisra iliyoungua, akala. Sisi wengine tulikaa tumezunguka sinia lile bila njaa. Baba aliposema giaboksi itarudishwa kesho yake, jirani alicheka. "Niweke wapi? Gari yangu sasa ni nyumba ya kuku."

Siku ya uhuru haboba alisema hatakwenda. Alikuwa amevua lawa yake nzuri, ile nguo ya kufunga begani, ameikunja. Jirani ndiye aliyekuja kumtoa. Akafungua mlango wa gari, akamwambia aingie, kisha akaenda nyuma akaweka mabega. Baba akashika upande mmoja, na fundi, ambaye alikuja kujionea, akashika wa pili. Mimi nilikaa mbele nikishika usukani, mguu haufiki breki. Basi tukasukumwa, ndugu yangu. Vijana walituona wakacheka, wakajiunga, wakaanza kuimba. Haboba aliona kwenye kile kioo cha ndani nani anayemsukuma, jasho linamtiririka, akanyoosha mkono akakigeuza kioo kitazame dari.

Tulifika mahali umati ulipoziba barabara. Fundi na jirani wakamsimamisha juu ya kizingiti cha mlango, kila mmoja na mkono wake, na kutoka hapo aliiona bendera ikipanda. Alilia. Waliomwona walidhani analilia uhuru, na naamini alililia uhuru pia.

Uhuru wenyewe ulikuwa bado mchanga vilipokuja vita vipya, mwezi wa Desemba. Milio ya bunduki ilianza, na asubuhi lugha ya mama yako ikawa swali unaloulizwa njiani. Ya jirani ilikuwa jibu baya. Alikuja kwetu na begi moja na ufunguo. Haboba akaficha mikono nyuma, akatikisa kichwa, akasema mpe mwingine, si mimi. Jirani akamshika mkono, akamfungua vidole, akauweka ufunguo kiganjani.

"Safari hii chukueni ile munataka," alisema. "Lakini muniambie."

Hatukumwona tena. Mama akaturudisha Kitale. Nilipokuwa nikija likizo nilimkuta haboba na desturi mpya. Jirani alikuwa na mndimu, na kila alipochuma alisimama uzioni akaielekea barabara, akasema kwa sauti: jirani, nimechukua ndimu. Akichota maji ya tanki lake: jirani, nimechukua maji. Wapita njia walimwona amechanganyikiwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, nikamvuta nguo arudi ndani, naye akanisukuma.

Haboba sasa hayupo. Ile rakuba imeanguka, gari liliuzwa kwa kilo, na giaboksi ya watu iliondoka nalo nikiwa mbali. Ufunguo uko palepale kwenye msumari ambapo haboba aliutundika, lakini haufungui kitu. Nyumba ya jirani ina kufuli jingine na watu nisiowajua, na mndimu wameukata. Hakuna aliyetuuliza, wala hatukuwazuia. Juzi, nguo zangu zikidondosha maji chini ya ile propela, nilikwenda uzioni nikaelekea barabara. Wale watu walikuwa wanakunywa chai, wakageuka kunitazama. Nilisema kwa sauti, kama jirani alivyotuagiza.

"Jirani, nyumba yako imechukuliwa. Si sisi. Lakini ufunguo tulikuwa nao sisi."